Kuiwajibisha Kaunti Kuhusu Walimu wa Chekechea, Wakufunzi wa Ufundi na Mitihani: Mwongozo Kamili

Maombi mengi ambayo wazazi hupeleka katika mabunge ya kaunti kuhusu uhaba wa walimu na matokeo mabaya ya mitihani hufia mezani kwa karani, na mara nyingi sababu ni ileile: mlalamishi ameilaumu kaunti kwa jambo ambalo Katiba haikuipa kaunti. Waziri wa elimu wa kaunti hujibu kwa sentensi moja kwamba walimu wa shule za msingi na sekondari huajiriwa na TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, mjadala unaishia hapo, na mapengo yaliyo chini ya mamlaka yake mwenyewe hayaulizwi.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwanakamati wa shule au kikundi cha wakazi nchini Kenya ambacho kinataka jibu linaloweza kupimwa. Kanuni inayouongoza ni moja: iulize kaunti kuhusu kile inachotia sahihi, yaani barua za ajira, hati za malipo na bajeti.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya vitu hivi kwanza, kwa sababu kazi hii ikikatikia njiani, tarehe za kisheria hupita na hulazimika kuanza upya.

- Nakala ya kitambulisho cha taifa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 huwapa raia haki hiyo, kwa hiyo ofisi inaweza kutaka uthibitisho.
- Katiba ya 2010, hasa Kifungu cha 35, 37, 185, 195, 235 na 237, pamoja na Jedwali la Nne.
- Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 na kanuni za kudumu za bunge la kaunti yako.
- Makadirio ya bajeti ya kaunti yaliyoidhinishwa ya mwaka huu wa fedha, na ripoti za karibuni za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kaunti yako.
- Daftari la kurasa zilizopigwa mistari na kalenda ya ukutani au ya simu.
- Watu wawili au watatu wa kusaidiana nao, ikiwezekana kutoka wadi tofauti. Mtu mmoja huchoka, na hata asipochoka ni rahisi kumwita mchochezi.

Huhitaji wakili katika hatua saba za kwanza.

## Hatua ya 1: Tenga lililo la kaunti na lisilo lake

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nenda polepole.

Sehemu ya pili ya Jedwali la Nne la Katiba huipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya kulelea watoto. Kwa lugha ya mfumo wa elimu wa sasa wa 2-6-3-3-3, kaunti ina PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya chekechea, pamoja na vyuo vya mafunzo ya ufundi. Kuanzia Gredi ya 1 hadi Gredi ya 12 ni kazi ya serikali ya kitaifa.

Kwa upande wa wafanyakazi, walimu wa chekechea za umma na wakufunzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. TSC humsajili mwalimu wa chekechea, lakini haimlipi. Ukiambiwa kwamba suala la mwalimu wa PP1 lipelekwe TSC, hapo unafukuzwa kwa adabu tu, na unaweza kuitaja Sheria ya Elimu ya Chekechea ya 2021.

Kwa upande wa mitihani, KPSEA ya Gredi ya 6, KJSEA ya Gredi ya 9 na KCSE ya mwisho wa sekondari ni za KNEC, yaani Baraza la Mitihani la Kenya. Kaunti haitungi, haisimamii wala haisahihishi hata mmoja kati ya hiyo. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti nao hutahiniwa na vyombo vya kitaifa: majaribio ya ufundi ya daraja la tatu hadi la kwanza ya NITA (mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda), tathmini za TVET CDACC (baraza la kitaifa la mitaala na tathmini za ufundi), au mitihani ya KNEC, kutegemea kozi. Hata hivyo, kumwandaa mtahiniwa ni wajibu wa kaunti: kuwa na mkufunzi wa kozi, kuwa na karakana na vifaa, kukifanya chuo kitimize masharti ya usajili, na kumwandikisha mwanafunzi kwa wakati.

Tahadhari. Majina ya ofisi hupotosha. Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, Mkurugenzi wa TSC wa Kaunti na Bodi ya Elimu ya Kaunti wote hubeba neno kaunti, ilhali wako upande wa kitaifa. Bodi ya Elimu ya Kaunti imeundwa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 na gavana haiamuru. Watu wako upande wa ugatuzi ni waziri wa elimu wa kaunti, Afisa Mkuu wa idara hiyo, Katibu wa Kaunti na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Barua iliyoandikiwa kundi la kwanza kuhusu mishahara ya walimu wa chekechea ni karatasi iliyopotea.

Iwapo tatizo lako ni la shule ya msingi au sekondari, lipeleke kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo ikiwa linahusu walimu, au kwa KNEC kupitia mkuu wa shule ikiwa linahusu matokeo. Usilichanganye katika ombi hili hata kama linakuuma zaidi. Kaunti inaweza kufanya kazi ya kitaifa kwa makubaliano ya kuhamisha majukumu chini ya Kifungu cha 187, na ikiwa gavana amejigamba hadharani kwamba analipa walimu wa sekondari, una haki ya kuomba nakala ya makubaliano hayo.

Dalili kwamba umefaulu: unaweza kuandika tatizo lako kwa sentensi moja yenye jina la kituo, aina ya mfanyakazi au mtihani, na ofisi ya kaunti inayohusika. Kama sentensi hiyo ina neno TSC, rudi mwanzo.

## Hatua ya 2: Hesabu mwenyewe kabla ya kuuliza

Chagua vituo vichache unavyoweza kuvifikia na kurudi. Vituo sita vilivyohesabiwa vizuri vina nguvu kuliko wadi nzima iliyokisiwa.

Katika kila chekechea andika tarehe, muhula, idadi ya watoto walioandikishwa PP1 na PP2, idadi ya waliokuwepo siku hiyo, idadi ya walimu wanaolipwa na kaunti, na idadi ya wanaolipwa na wazazi. Safu ya mwisho usiisahau. Kituo kinaweza kuonekana kina walimu watatu, kumbe wawili kati yao wanalipwa kwa michango ya wazazi, jambo ambalo kaunti huwa haliweki katika takwimu zake.

Katika chuo cha ufundi hesabu kwa kozi: ushonaji, uashi, umeme, mekanika, ususi na nyinginezo. Andika idadi ya wanafunzi na wakufunzi wa kila kozi, na kama kozi imepitisha muhula mzima bila mkufunzi. Jumla ya chuo kizima haisemi lolote, kwa kuwa mkufunzi wa ushonaji hawezi kufundisha umeme.

Ingia kwa njia ya wazi. Jitambulishe kwa mwalimu mkuu au meneja wa chuo, tia sahihi kitabu cha wageni, wala usipige picha za watoto.

Tahadhari. Walimu wengi wa chekechea wameajiriwa kwa mkataba, na mkataba huweza kukosa kuongezwa bila sababu kutolewa. Usiandike jina la mwalimu yeyote aliyekueleza jambo, hata katika daftari lako la kibinafsi. Andika kituo na idadi, basi.

Dalili kwamba umefaulu: mwenzako anaweza kwenda kituo kilekile wiki inayofuata na kupata takwimu zinazokaribiana na zako.

## Hatua ya 3: Omba habari kwa maandishi

Maswali ya mdomo katika mkutano wa wadi hujibiwa kwa ahadi. Ombi la maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 lina saa inayohesabika: ofisi inapaswa kuamua ndani ya siku 21, na inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Ikinyamaza, sheria huhesabu kwamba imekataa, na hilo lina faida kwako kwa sababu linakufungulia mlango wa rufaa.

Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza kwa nini unataka habari hizo, na ofisi haipaswi kukutoza ada ya kuwasilisha ombi, ingawa inaweza kudai gharama ya kutoa nakala. Ikiwa habari ziko katika taasisi nyingine, ofisi uliyoiandikia ina siku 5 za kulihamisha ombi lako.

Mfano wa barua:

> Kwa: Afisa wa Kutoa Habari, kupitia kwa Katibu wa Kaunti
>
> Nakala: Katibu wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, Afisa Mkuu, Idara ya Elimu
>
> YAH: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA KUPATA HABARI YA 2016
>
> Mimi ni raia wa Kenya, mkazi wa wadi ya (jina). Naomba habari zifuatazo kuhusu mwaka huu wa fedha na mwaka uliotangulia:
>
> 1. Idadi ya nafasi zilizoidhinishwa za walimu wa chekechea na za wakufunzi wa vyuo vya ufundi, na idadi ya zilizojazwa, kwa kila wadi.
> 2. Idadi ya walioajiriwa kwa masharti ya kudumu, kwa mkataba na kwa muda, na daraja la mshahara la kila kundi.
> 3. Nakala ya matangazo ya kazi yaliyotolewa kwa nafasi hizo, idadi ya walioomba na idadi ya waliochukuliwa.
> 4. Kwa kila chuo cha ufundi na kila kozi: idadi ya wanafunzi, idadi ya walioandikishwa kufanya mtihani au tathmini, waliofanya, waliofaulu, na ambao hawajapokea vyeti.
> 5. Fedha zilizotengwa na zilizotumika kwa mishahara ya makundi hayo mawili.
>
> Naomba jibu kwa njia ya kielektroniki panapowezekana.

Kila kipengele kinaomba idadi au nakala ya hati. Hakuna kinachouliza "kwa nini", kwa sababu swali la namna hiyo si ombi la habari. Hukaribisha insha, na insha haina takwimu za kulinganisha. Maswali ya sababu yahifadhi kwa ajili ya kamati ya bunge.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani wa mapokezi akikataa kugonga muhuri, tuma kwa barua pepe rasmi ya kaunti palepale ukiwa mbele yake, uhifadhi nakala. Kisha andika kwenye kalenda siku ya 21 na siku ya 35.

Tahadhari. Usiombe majina ya walimu wala alama za mwanafunzi mmoja mmoja. Faragha ni sababu halali ya kukunyima, na ofisi isiyotaka kujibu itakushukuru kwa kuipa sababu hiyo.

## Hatua ya 4: Weka takwimu tatu kando kwa kando

Sasa una, au unapaswa kuwa na, vyanzo vitatu: majibu ya kaunti, kitabu cha bajeti na hesabu yako ya vituo. Kila kimoja peke yake ni dhaifu. Vikitofautiana, tofauti hiyo ndiyo hoja yako.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, bajeti imetenga mishahara ya walimu 600 wa chekechea, bodi inajibu kwamba wameajiriwa 560, na katika vituo sita ulivyozuru, ambavyo kaunti inasema vina walimu 14, umekuta 9. Hapo una maswali mawili tofauti. La kwanza linahusu nafasi 40 zilizotengewa fedha bila watu: fedha hizo zilikwenda wapi kufikia mwisho wa robo ya mwaka? La pili linahusu walimu 5 ambao wako kwenye karatasi na hawako darasani: wamehamishwa, wako likizo, au hawapo kabisa? Usiyaunganishe kuwa tuhuma moja ya ufisadi. Yakiunganishwa, kaunti itajibu lile jepesi na kulizika lile zito.

Katika kitabu cha bajeti kuna mtego wa kawaida. Kaunti nyingine huweka mishahara ya walimu wa chekechea chini ya idara ya elimu, nyingine huiweka yote chini ya idara ya utumishi wa umma, na anayesoma ukurasa wa elimu peke yake hudhani hakuna kilichotengwa. Soma zote mbili. Walimu wa mkataba nao huweza kuwa katika fungu la wafanyakazi wa muda badala ya fungu la mishahara ya kudumu.

Katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo hutolewa kila robo ya mwaka, tafuta sehemu ya mishahara. Ripoti hizo zimekuwa zikitenganisha mishahara iliyolipwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa serikali na ile iliyolipwa kwa orodha ya mkono, na kiasi kikubwa katika kundi la pili ni jambo la kuulizia, kwa maana orodha ya mkono ni rahisi zaidi kuingizwa majina yasiyo na watu. Katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu, soma aya za daftari la mishahara na za usawa wa ajira. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kiwango cha kuingilia zijazwe na watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti husika, na wakaguzi huliangalia hilo.

Jitayarishe pia kwa utetezi utakaoupata karibu kila mahali: kwamba kaunti haiwezi kuajiri kwa sababu gharama ya mishahara imefikia kikomo. Kikomo hicho kipo kweli. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zinaweka asilimia 35 ya mapato. Jibu lake si kukibishia, bali kuuliza ni idara zipi zilizoongezewa wafanyakazi katika miaka hiyohiyo ambayo chekechea zilinyimwa, kwa kuwa kikomo kinaihusu kaunti nzima na uamuzi wa nani aajiriwe ndani yake ni wa kisiasa.

Dalili kwamba umefaulu: una ukurasa mmoja wenye safu tatu, na kila takwimu ina chanzo chake na tarehe.

## Hatua ya 5: Unganisha uhaba wa wakufunzi na mitihani

Kulalamika kwamba "matokeo ni mabaya" hakumbani yeyote. Fuatilia badala yake mahali wanafunzi wanapopotelea kati ya kuandikishwa na kupata cheti.

Chukua kozi moja. Walioandikishwa mwanzoni ni wangapi? Walioandikishwa kutahiniwa ni wangapi? Waliofanya? Waliofaulu? Walio na cheti mkononi? Pengo kubwa likiwa kati ya la kwanza na la pili, mtihani wenyewe si tatizo. Angalia kama kozi ilikuwa na mkufunzi, kama ada ya mtihani ililipwa kwa wakati, na kama chuo kimeidhinishwa kuwa kituo cha tathmini ya kozi hiyo. Pengo likiwa kati ya kufanya na kufaulu, angalia vifaa, kwa sababu tathmini ya ufundi ni ya vitendo, na mwanafunzi ambaye hajawahi kushika mashine hawezi kuitumia mbele ya mtathmini. Pengo likiwa kwenye vyeti, ulizia deni ambalo chuo kinadaiwa au kinamdai mwanafunzi.

Hakikisha pia kwamba chuo kimesajiliwa na kupewa leseni na TVETA, mamlaka ya kitaifa inayosimamia vyuo vya ufundi. Mwanafunzi aliyesoma katika chuo kisicho na leseni hulipa gharama ya uzembe ambao si wake.

Kwa chekechea mambo ni mafupi. Hakuna mtihani wa kitaifa mwishoni mwa PP2. Mwalimu humpima mtoto kwa kumtazama, kwa orodha za stadi na kwa mkusanyiko wa kazi zake. Kituo cha umma kikiwatoza wazazi fedha za mitihani, iombe idara ya elimu ya kaunti waraka ulioidhinisha malipo hayo. Shule ya msingi ikimpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa Gredi ya 1, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi, ambayo huruhusu jaribio la kumpangia kiwango tu, lakini malalamiko hayo huenda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, upande wa kitaifa.

## Hatua ya 6: Andika ombi kwa bunge la kaunti

Kwa nini bunge na si gavana? Kifungu cha 185 hulipatia bunge la kaunti kazi ya kuisimamia serikali tendaji ya kaunti, na Kifungu cha 195 hulipatia mamlaka ya kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, kwa nguvu zilezile za Mahakama Kuu. Gavana anaweza kukualika kwa chai. Kamati inaweza kumtaka Afisa Mkuu alete daftari la mishahara.

Ombi likikosea umbo hurudishwa kabla ya mtu yeyote kusoma hoja. Zingatia haya:

Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila maneno yaliyokatwa au kuingizwa juu ya mstari. Lielekezwe kwa bunge la kaunti, si kwa mwakilishi wadi. Lieleze hatua ulizokwisha kuchukua na majibu uliyopata, na hapa ndipo barua yenye muhuri ya Hatua ya 3 inapolipa. Litamke kama suala liko mbele ya mahakama au la. Lihitimishwe kwa maombi mahususi. Sahihi au alama za dole gumba, majina na anwani ziandikwe moja kwa moja kwenye karatasi za ombi. Usibandike sahihi zilizokatwa kwingine. Mada ya ombi irudiwe juu ya kila karatasi, ili mtu asije akadai kwamba waliotia sahihi hawakujua wanachokitia sahihi.

Sehemu ya maombi ndiyo kiini, na ndiyo inayoandikwa vibaya zaidi. "Tunaomba bunge liingilie kati" ni maneno yasiyomfunga mtu. Andika hivi:

> Kwa hiyo waombaji wanaomba bunge hili, kupitia kamati yake ya elimu:
>
> (a) Limwite Afisa Mkuu wa Elimu na Katibu wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti waeleze tofauti kati ya nafasi zilizotengewa fedha na zilizojazwa, wakiwa na daftari la mishahara la robo ya mwisho;
>
> (b) Liagize orodha ya vituo vyote vya chekechea na idadi ya walimu wa kila kimoja iwasilishwe mbele ya bunge na kuchapishwa;
>
> (c) Lipendekeze kwamba kozi zilizokosa mkufunzi kwa muhula mzima zitengewe fedha za ajira katika bajeti ijayo;
>
> (d) Liiagize idara itoe taarifa ya maendeleo kwa kamati kila muhula.

Lipeleke kwa Karani wa bunge, upate muhuri. Unaweza pia kumwomba mwakilishi wadi aliwasilishe kwa niaba yenu, jambo linalosaidia ikiwa ana nia, ingawa kama chama chake ndicho cha gavana ni busara kwenda mwenyewe. Ulizia muda ambao kanuni za kudumu zinaipa kamati kujibu, uuandike kwenye kalenda.

Wakati wa kupeleka. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30, na waraka wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28. Ombi la ajira mpya linalofika Julai hukuta fedha zimekwisha kugawanywa. Mpangilio unaofaa ni kuomba habari Oktoba au Novemba, kupeleka ombi bungeni kabla ya mwisho wa Januari, na kurudi katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti mwezi wa Mei ukiwa na nakala ya ombi hilohilo.

Dalili kwamba umefaulu: Spika ameliripoti ombi bungeni, nalo limekabidhiwa kamati. Kumbukumbu za kikao huonyesha hilo, omba nakala.

## Hatua ya 7: Mbele ya kamati

Mkialikwa, wachague wasemaji wawili: mmoja wa takwimu, mwingine wa vituo. Semeni kwa muda mfupi, mwache ule ukurasa wa safu tatu mezani kwa kila mjumbe, na mrudie maombi (a) hadi (d) kwa herufi zake.

Afisa akisema takwimu zenu si sahihi, msibishane. Mwombeni mwenyekiti aagize ziara ya pamoja katika vituo hivyo sita. Afisa anayejua ukweli hutafuta namna ya kuikwepa ziara, na wajumbe huliona hilo.

Mwakilishi wadi huenda akataka kuligeuza suala kuwa la nani aliajiriwa kutoka ukoo au wadi gani. Lina uzito wake, lakini likishika usukani mtatoka pale na mabishano bila azimio. Lirudisheni kwenye nafasi 40 zisizo na watu.

## Hatua ya 8: Mlango ukifungwa

Ofisi ikikunyima habari au ikinyamaza, una siku 30 za kuiomba Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman, ipitie uamuzi huo. Ambatisha barua yenye muhuri. Tume inaweza kuamuru habari zitolewe.

Kama wewe ni mwombaji kazi uliyeachwa katika uajiri usio wa haki, njia yako ni rufaa ya maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma, ndani ya siku 90 tangu uamuzi. Ombi la wakazi halichukui nafasi ya rufaa hiyo, na muda wake haukungoji ukisubiri kamati.

Ripoti ya ukaguzi ikionyesha mishahara hewa, Seneti hukagua matumizi ya fedha za kitaifa zilizogawiwa kaunti, na unaweza kuipelekea ombi chini ya Kifungu cha 119. Palipo na dalili za wizi, peleka nyaraka kwa EACC, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, bila kuzitangaza kwanza, maana matangazo humpa mhusika muda wa kusafisha mafaili.

Mahakama Kuu iwe ya mwisho. Inafaa pale ambapo kaunti imevunja wajibu ulio wazi katika sheria na una karatasi zote za hatua zilizotangulia. Kesi ikishafunguliwa, bunge huenda likaliweka ombi lako kando kwa hoja kwamba suala liko mbele ya mahakama, kwa hiyo usikimbilie huko kamati ikiwa bado inafanya kazi.

## Hatua ya 9: Baada ya azimio

Bunge likipitisha ripoti ya kamati, pata nakala iliyotiwa sahihi na umpelekee Afisa Mkuu barua fupi inayoorodhesha kila pendekezo na tarehe yake. Matangazo ya kazi yakitoka, yahifadhi na uhesabu nafasi zilizotajwa. Waajiriwa wapya wakiripoti, rudi katika vituo vilevile sita na daftari lilelile, kwa kuwa si ajabu kaunti ikaajiri walimu wapya huku ikiacha mikataba ya wa zamani imalizike, idadi ikabaki palepale.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka wa fedha unaofuata, peleka tena ombi la habari la Hatua ya 3 kwa maneno yaleyale na mpangilio uleule wa vipengele, ili majibu ya miaka miwili yaweze kuwekwa safu kwa safu.